Waipa zikiwa nzito, tupime kwanza kabla ya kununua mota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalorudi kila mwaka pamoja na mvua za mwezi wa kumi na moja, nalo ni waipa za magari ya zamani zinazojikokota juu ya kioo wakati ambapo dereva anazihitaji kuliko kifaa kingine chochote. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba. Sehemu kubwa ya kazi yangu ya msimu wa mvua ni magari ambayo wenyewe wameambiwa kwamba mota ya waipa imekufa, wakanunua nyingine iliyotumika, wakafungiwa, na waipa zikaendelea kuwa nzito vilevile. Ninaandika kwa sababu hasara hiyo huepukika kwa kipimo kisichochukua hata nusu saa, na kwa sababu waipa nzito ni hatari ya barabarani ambayo watu wengi wameizoea kana kwamba ni uzee wa kawaida wa gari.

Tuanze na hatari yenyewe. Kanuni ya usalama wa magari ya Marekani inayohusu waipa inadai kwamba ziwe na miendo isiyopungua miwili, kwamba mwendo wa kasi ufikie angalau mizunguko 45 kwa dakika, ule wa pole usiwe chini ya mizunguko 20, na tofauti kati ya miendo hiyo isipungue mizunguko 15. Mzunguko mmoja ni kwenda na kurudi. Sitaji kanuni hiyo kwa kuwa inatuhusu kisheria. Naitaja kwa sababu inampa mtu yeyote mwenye saa mkononi kipimo cha kujua kama waipa zake ni nzima au la. Chukua gari ambalo waipa zake, hata zikiwekwa kwenye mwendo wa kasi, hazizidi mizunguko 12 kwa dakika, na magari ya namna hiyo hayahitaji kutafutwa sana mjini kwetu. Waipa hizo hutumia sekunde mbili na nusu kuvuka kioo mara moja, na gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 42 katika muda huo. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, ambako lori la madini linalokuja mbele yako linaweza kukumwagia kioo kizima maji mekundu ya matope kwa mara moja, mita 42 za kuendesha bila kuona zinatosha kabisa kuua.

Kuna jambo jingine linaloongeza hatari hii kwetu, na sijaona likisemwa. Magari mengi tunayoyatumia yametoka Japani kupitia Dar es Salaam, nayo yana usukani upande wa kulia, ilhali Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Waipa za magari hayo zimepangwa kumhudumia dereva aliyekaa kulia, kwa hiyo zinafuta mpaka karibu na nguzo ya kioo ya upande huo, na pembe ya juu ambayo hazifikii inabaki upande wa kushoto. Dereva wetu anapotaka kulipita lori, huko kushoto ndiko anakolazimika kutazama, tena kwa kuegemea. Waipa zikiwa nzito, upande ule ambao tayari ulikuwa na sehemu isiyofutwa unakuwa hauonekani kabisa. Mwenye gari la aina hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kutovumilia waipa zinazochelewa.

Kwa nini waipa huwa nzito? Ili kuelewa lazima tuufuate mwendo tangu unapozaliwa. Mota ya waipa ni ndogo na huzunguka kwa kasi sana. Ndani ya nyumba yake kuna gia inayopunguza kasi hiyo na kuigeuza kuwa nguvu. Gia huzungusha mkono mfupi wa chuma, mkono huo husukuma na kuvuta fito ndefu zilizofichwa chini ya kifuniko cheusi cha plastiki kilicho kati ya boneti na kioo, na fito hizo huizungusha mihimili miwili ambayo ncha zake ndizo tunazoziona nje zikiwa zimefungwa mikono ya waipa. Mota inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mhimili mmoja ukikauka, mota itahangaika, itapata joto, na waipa zote mbili zitapungua kasi kwa sababu zimefungwa pamoja.

Mhimili huo ni wa chuma, nao huzunguka ndani ya bomba fupi ambalo katika magari mengi limetengenezwa kwa alumini. Kiwandani hutiwa grisi kidogo, na juu yake huwekwa kipete cha mpira cha kuzuia maji. Baada ya miaka ishirini ya jua kipete kimepasuka, grisi imekauka, na maji yanaingia. Chuma huota kutu, alumini hutoa unga mweupe, na vyote viwili huchukua nafasi kubwa kuliko madini yaliyovizaa, hivyo mhimili unabanwa taratibu mwaka hadi mwaka. Hali ya hewa ya Lubumbashi inalikuza tatizo hili kwa namna ya pekee. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hatuoni mvua, waipa hazitumiki, na vumbi jekundu linaingia kila mahali na kuchanganyika na grisi iliyobaki mpaka inakuwa ngumu. Mwezi wa kumi maua ya jakaranda na majani ya miembe yanaanguka juu ya magari yaliyoegeshwa, yanajaza mfereji ulio chini ya kile kifuniko cheusi, na kuziba matundu ya kutolea maji. Kisha mvua kubwa ya kwanza inapiga, mfereji unajaa, na mihimili ambayo haikusogea kwa miezi mingi inatakiwa ghafla kufanya kazi saa nzima bila kupumzika. Ndiyo maana malalamiko yote huja katika majuma yaleyale.

Nitoe mfano mmoja. Msimu uliopita dereva wa basi dogo linalobeba abiria kati ya komini ya Kenya na katikati ya mji aliniletea gari ambalo lilikuwa limekwisha badilishwa mota ya waipa katika karakana nyingine, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba hata ile mpya kwake ilikuwa mbovu, kwa hiyo atafute ya tatu. Tulitoa kifuniko cheusi, nikazitenga fito na mota, nikamwomba azungushe mihimili kwa mkono wake mwenyewe. Ule wa upande wa dereva aliushika kwa vidole viwili ukazunguka bila shida. Ule wa upande wa abiria haukusogea hata kidogo mpaka alipoukamata kwa koleo, na hata hapo ulikwenda kwa kukwaruza. Tulipoutoa, chuma kilikuwa na mkanda wa kutu ya kahawia upana wa kidole, na ndani ya bomba la alumini ule unga mweupe ulikuwa umeshikamana na vumbi jekundu kiasi kwamba kitambaa peke yake hakikutosha kuuondoa. Tulisugua kwa msasa laini, tukafuta, tukatia grisi na kipete kipya. Mota yake ya kwanza, ile iliyotangazwa kufa, alikuwa bado ameihifadhi chini ya kiti. Niliifunga kwa makusudi, na waipa zikaenda kama inavyotakiwa. Fedha za mota ya pili zilikuwa zimekwisha kwenda, na hakuna aliyemrudishia.

Simlaumu fundi mwenzangu kwa ubaya wa moyo. Naamini alifanya kile ambacho wengi wetu tumefundishwa kwa kuiga, yaani kubadilisha kipande kinachoonekana kuwa ndicho kinachofanya kazi. Lakini kubadilisha bila kupima ni kumtoza mteja gharama ya kubahatisha kwetu, na hilo siwezi kulitetea.

Kipimo chenyewe kinakwenda kwa mpangilio ambao mwenye gari anaweza kuuelewa na kuusimamia. Kwanza kioo kimwagiwe maji, kwa maana waipa zikipimwa kwenye kioo kikavu hata zilizo nzima huonekana nzito, na vumbi letu linakwaruza kioo. Injini iwe inawaka. Hesabu mizunguko ya mwendo wa pole kwa dakika moja, halafu ya mwendo wa kasi, na uandike. Baada ya hapo zima waipa, inua mikono yote miwili isiguse kioo, kisha ziwashe kwa mwendo wa pole mara chache tu. Zikipata wepesi mkubwa, tatizo liko kati ya mpira na kioo: mpira umekauka na jua, kioo kina utando wa mafuta na moshi ambao sabuni ya vyombo huuondoa, au mtu amefunga mipira mirefu kuliko ile ya gari hilo kwa sababu ndiyo iliyopatikana sokoni. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na mota ndogo inateseka kwa kubeba mzigo ambao haukuwa wake. Haya ni matengenezo mepesi na sitakaa hapo zaidi.

Zisipopata wepesi, hatua inayofuata ndiyo yenye uamuzi mkubwa, na ndiyo inayorukwa. Weka alama kwa utepe au kalamu kwenye kioo mahali ambapo kila waipa hupumzika, toa waya wa betri, ondoa kifuniko cheusi, halafu utenganishe mkono mfupi wa mota na fito. Katika magari mengi kiungo hicho ni gololi iliyoingia ndani ya kikombe cha plastiki, nacho huchomoka kwa bisibisi pana bila kuvunjika kikiinuliwa kwa upole. Sasa rudisha waya wa betri, weka mikono yako mbali, na uwashe waipa. Uangalifu hapa ni wa lazima, kwa sababu mkono ule mfupi, ukizunguka bila mzigo, una nguvu ya kumvunja mtu kidole. Mota ikizunguka kwa wepesi, na kasi yake ikabadilika waziwazi unapotoka mwendo wa pole kwenda wa kasi, basi mota ni nzima na umeme wake unafika; kosa linatafutwa kwenye mihimili na fito. Ikibaki nzito hata bila mzigo, fito zimesafishwa jina, na unageukia umeme au mota yenyewe.

Mhimili uliobanwa unatibiwa kwa njia mbili kulingana na ulivyotengenezwa. Ukiwa na pete ndogo ya chuma inayoushikilia kwa juu, pete hiyo itolewe, mhimili ugongwe taratibu kutoka kwenye bomba lake kwa kipande cha mti, usafishwe kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, bomba lisafishwe kwa ndani, kisha grisi iwekwe kabla ya kurudisha. Ukiwa umekazwa kiwandani kwa namna isiyofunguka, tumia mafuta ya kulegeza kutu, yatone juu na chini, uache yapenye, uuzungushe kwa mkono huku na huku, urudie mpaka uwe mwepesi, na mwishowe utie grisi au mafuta mazito. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mafuta ya kulegeza kutu hulegeza tu na baada ya muda hukauka. Aliyeishia hapo ataona waipa nyepesi kwa majuma machache kisha atarudi palepale. Mazuti (dizeli) na esansi (petroli) ni vibaya zaidi, maana vinaosha ile grisi kidogo iliyokuwa imebaki, na mafuta ya breki yanaharibu rangi ya gari. Pia viungo vya fito viangaliwe. Kikombe cha plastiki kilicholika hakifanyi waipa ziwe nzito, bali huzifanya zilegee na kugonga ukingo wa kioo, na siku moja hutengana katikati ya mvua.

Tukifika kwenye umeme, tunafika mahali ambapo mafundi wengi wanapotea kwa sababu wanapima volti wakati waipa zimezimwa au waya umechomolewa. Waya uliobakiza uzi mmoja tu wa shaba utaonyesha volti 12 kamili ikiwa hakuna umeme unaopita ndani yake. Unapodaiwa kuzungusha mota ndipo unaposhindwa. Kwa hiyo volti za waipa hupimwa waipa zikiwa zinafanya kazi, tena zikiwa na mzigo wake. Betri iliyojaa na kupumzika huwa na volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka huku alteneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, ikichaji vizuri tunasoma kati ya 13.8 na 14.4. Ukisoma volti 14 kwenye betri na 11 kwenye mota, volti tatu zimepotea njiani, na mota haina kosa lolote. Upotevu huo hauhitaji kosa kubwa: ukinzani wa nusu omu tu kwenye kiungo kimoja, mota ikivuta ampea nne, unakula volti mbili nzima na kuzigeuza kuwa joto.

Zinapotea wapi? Mahali pa kwanza ninapopatazama ni masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari na betri. Weka ncha moja ya mita ya volti kwenye nyumba ya mota, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, waipa zikiwa zinakwenda. Inatakiwa usome karibu na sufuri. Ukisoma zaidi ya nusu volti, masi ni mbaya, na unaweza kulithibitisha hilo papo hapo kwa kushikiza waya wa ziada kati ya nyumba ya mota na nguzo hasi: waipa zikichangamka mara moja, kosa umelipata. Katika magari yetu masi huharibika kwa kutu, lakini huharibika pia kwa mikono yetu. Gari linapelekwa kupakwa rangi, mota inafunguliwa, rangi inapulizwa mpaka mahali pa boliti, kisha mota inarudishwa juu ya rangi mpya ambayo haipitishi umeme. Mwenye gari anafurahia rangi, na mvua zinapoanza anashangaa kwa nini waipa ambazo zilikuwa nzuri zimekuwa nzito. Kuikwangua rangi hiyo chini ya boliti ni kazi ya dakika tano.

Masi ikiwa nzuri, ufuate njia ya kuja: soketi ya mota, rele (swichi inayoendeshwa na umeme) kama ipo, swichi ya kwenye usukani, fyuzi. Katika soketi mara nyingi utakuta shaba imeota kijani kilekile cha malakiti inayouzwa hapa mjini, na kiungo cha namna hiyo hakipitishi umeme wa kutosha hata kama kinaonekana kimeshika. Kisafishwe au kibadilishwe. Swichi za usukani za magari ambayo umeme wote wa mota hupita ndani yake huungua midomo, yaani sehemu zinazogusana kupitisha umeme, na dalili yake ni joto unalolisikia kwa mkono kwenye swichi baada ya waipa kufanya kazi kwa muda. Kuhusu fyuzi, nasema kwa uzito wote: fyuzi inayoungua mara kwa mara inakuambia kwamba mota inabanwa, na anayeweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya mahali pake anaondoa kinga ya mwisho kati ya mota iliyokwama na moto ndani ya gari. Mihimili iliyokauka ndiyo inayochoma fyuzi hizo, na ndiyo inayochoma hatimaye mota ambayo ilikuwa nzima.

Upande wa umeme usifungwe bila kuangalia mkanda wa alteneta. Waipa zikiwa nzito pamoja na taa kufifia na feni ya ndani kupungua, na vyote vikapata nguvu unapokanyaga mafuta, waipa hazina kosa la peke yake, gari halichaji. Mkanda uliolegea unaweza kufanya kazi vizuri kiangazi chote na kuteleza unaporushiwa maji, na hapo ndipo unapousikia ukilia chini ya boneti mvua inaponyesha.

Baada ya haya yote ndipo tunapokuwa na haki ya kuishuku mota. Hata hapo si lazima itupwe. Mota ya miendo miwili ya kawaida ina vipande vitatu vya makaa, ambavyo mafundi huviita kaboni: kimoja ni cha pamoja, kimoja ni cha mwendo wa pole na kimoja ni cha mwendo wa kasi. Mwendo mmoja ukiwa mzuri na mwingine ukiwa mbaya, tazama kaboni ya mwendo huo, waya wake, au sehemu yake ya swichi, na uache kuhangaika na mihimili, kwa kuwa mihimili iliyobanwa haichagui mwendo. Miendo yote miwili ikiwa mizito, tazama kaboni ya pamoja na grisi ya gia. Grisi hiyo ikikaa miaka mingi hugeuka kuwa ngumu kiasi kwamba gia inafanya kazi ya kuikata badala ya kuteleza ndani yake. Ifutwe yote na iwekwe mpya kwa kiasi, bila kuipaka kwenye vibati vya shaba vinavyoiambia mota isimame mahali pake pa kupumzika. Na ikiwa mota kweli imefika mwisho, kaboni zimekwisha au sumaku imebanduka, basi inunuliwe nyingine, lakini fundi aiwashe na kuizima kwa swichi kwanza, ikiwa peke yake, ili isimame mahali pake, ndipo afunge mkono mfupi na fito. Asipofanya hivyo waipa zitasimama katikati ya kioo au zitagonga boneti.

Nina maombi matatu, Ndugu Mhariri. La kwanza ni kwa wanaosimamia ukaguzi wa magari. Waipa zisikaguliwe kwa kuziwasha mara moja kwenye kioo kikavu na kuandika kwamba zinafanya kazi. Kioo kimwagiwe maji, taa na feni ziwashwe, waipa ziende kwa dakika mbili na mizunguko ihesabiwe. Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji mashine yoyote, ndoo na saa zinatosha, na utawaonya watu wengi kabla ya barabara ya Likasi kuwaonya. Magari ya abiria yaanze, kwa kuwa dereva mmoja asiyeona amebeba maisha ya watu wengi ambao hawakuulizwa kama kioo chake kinafutika.

La pili ni kwa shule zetu za ufundi. Kijana anayejifunza umeme wa magari afundishwe kupima upotevu wa volti kwenye waya uliobeba mzigo kabla hajafundishwa kubadilisha kipande chochote. Mita ya volti ya bei ndogo inapatikana sokoni, na kijana anayejua kuitumia hivyo ataokoa fedha za wateja wake kwa maisha yake yote ya kazi, katika waipa, katika taa, katika stata na kila penye waya.

La tatu ni kwa vyama vya madereva na kwa wenye magari. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati mvua kubwa bado hazijaanza, ndio wakati wa kutoa kile kifuniko cheusi, kuondoa majani na maua, kufungua matundu ya maji, kuzungusha kila mhimili kwa mkono na kutia grisi. Waliochelewa mwaka huu bado wanaweza kufanya hivyo asubuhi moja isiyo na mvua, kabla ya mvua nzito za mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza. Na yule ambaye tayari ameambiwa anunue mota, amwombe fundi wake aizungushe mota ya zamani mbele yake ikiwa imetengwa na fito, kabla hajatoa fedha mfukoni.

Pokea salamu zangu za heshima.

Fundi umeme wa magari,
Katuba, Lubumbashi